Supu ya Haraka kwa Bei ya Subira

Supu ya vitunguu ya Kifaransa haina siri yoyote. Vitunguu, siagi, mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, mkate uliokauka, jibini juu. Wapagazi wa soko la Les Halles, Paris, walikuwa wakiinywa alfajiri baada ya kubeba mizigo usiku kucha, miaka mingi kabla soko hilo halijahamishiwa Rungis mwaka 1969. Ni chakula cha watu wa kazi, na gharama yake kubwa ni muda. Vitunguu vinataka moto mdogo karibu saa nzima, mtu akivigeuza, mpaka vilegee kabisa, vigeuke rangi ya kahawia na kutoa utamu wake.

Niliyoletewa juzi katika bistro moja ya Paris, yaani mkahawa mdogo wa kawaida, ilikuwa na vitunguu vyeupe. Vyeupe! Ukiuma unasikia kabisa kwamba bado ni vibichi. Mchuzi ulikuwa na chumvi kali na ladha ya kidonge cha mchuzi cha dukani, na jibini lilikuwa limeyeyuka tu bila kuguswa na moto wa juu, likavutika kama mpira kila nilipoinua kijiko. Bei yake euro 13.

Hasira yangu iko hapo. Chakula cha bistro kimejengwa juu ya vitu rahisi na uvumilivu wa mpishi. Ukiondoa uvumilivu, mteja anabaki kulipia vitunguu na maji. Mkahawa wa kifahari ukikosea, angalau umekuuzia samaki wa gharama. Bistro haina cha kujifichia, na ndiyo maana nazipenda, na ndiyo maana ninaumia zinapofanya hivi.

Paja la bata nalo lilikuwa hivyo hivyo. Kule Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hulitia chumvi, wakaliacha likolee, kisha wakalipika polepole ndani ya mafuta ya bata mpaka nyama iachane na mfupa. Mwishoni ngozi hukaangwa ikauke. Langu lilikuwa la moto nje na baridi karibu na mfupa, ngozi imelegea, imelowa. Nilipomwonyesha mhudumu, alisema ndivyo lilivyo, akaenda zake. Simlaumu sana, si yeye aliyepika. Na sawa, hata kama ni paja la kopo, si dhambi, Wafaransa wenyewe hulinunua dukani wakala nyumbani. Basi lipasheni moto vizuri!

Chupa ya maji tuliletewa bila kuulizwa, wakati jagi la maji ya bomba ni haki ya mteja bila malipo.

Najua watanijibu kuhusu kodi ya pango, mishahara, bei ya umeme. Nakubali, hali ni ngumu. Lakini mwaka 2009 serikali ya Ufaransa iliipunguzia migahawa VAT kutoka asilimia 19.6 hadi 5.5, na hata ilipopandishwa tena, tangu 2014 ni asilimia 10. Walaji wana haki ya kuuliza nafuu hiyo imefika wapi kwenye sahani.

Mwaka huo huo wa 2014 ikaja alama ya "fait maison", yaani "kimetengenezwa nyumbani", kijisufuria chenye paa la nyumba, kwa chakula kilichopikwa papo hapo kutokana na malighafi. Nia ilikuwa njema. Lakini mboga zilizogandishwa zinaruhusiwa, mradi ni mbichi, na jambo kubwa zaidi ni kwamba sheria ile ilimpa anayepika alama bila kumlazimisha asiyepika kusema ukweli. Ingepaswa kuwa kinyume. Anayekata mfuko wa plastiki na kuchemsha kilichomo aandike hivyo kwenye menyu, pembeni ya bei, kwa herufi zinazosomeka. Nikiamua kununua, nimenunua nikijua.

Na kama watu jikoni ni wachache, fupisheni menyu. Ile niliyopewa ilikuwa na kurasa nne, na hakuna jiko dogo linaloweza kupika yote yale kwa dhati. Andikeni vyakula vitatu ubaoni kwa chaki, vibadilike kesho. Nipeni yai la kuchemsha na mayonezi iliyopigwa jioni hiyo hiyo, mkate mpya, na saladi iliyokaushwa maji vizuri. Nitalipa bila kinyongo.