Mfanyabiashara akipewa ubalozi, daftari lake linabaki kwa nani?

Kila orodha ya mabalozi wapya wa Uganda inapotoka, macho ya watu hutafuta majina ya aina mbili: mbunge aliyeangushwa kwenye uchaguzi, na mfanyabiashara. La mbunge limejadiliwa hadi likachosha. La mfanyabiashara ndilo lenye uzito, kwa sababu yeye anakwenda na kitu ambacho nchi inakihitaji kweli, na kitu hichohicho kinaweza kutuumiza.

Kisheria hakuna kinachomzuia. Ibara ya 122 ya Katiba ya 1995 inampa Rais mamlaka ya kuteua mabalozi kwa idhini ya Bunge, na haisemi kwamba lazima watoke kwenye utumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje. Mkataba wa Vienna wa 1961 nao, katika kifungu cha 3, unataja kukuza uhusiano wa kiuchumi kuwa sehemu ya kazi ya ubalozi. Kwa hiyo kumtuma mtu wa biashara si kosa, na wanaolipinga jambo hili kwa hoja kwamba diplomasia ni taaluma ya waliosomea wanasahau mengi yanayofanyika ubalozini kila siku.

Chukua kahawa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Uganda iliuza nje magunia yapatayo milioni 6.1 ya kilo 60, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.1. Mchoma kahawa wa Ulaya anapiga simu ubalozini, anataka kontena moja kila mwezi. Afisa aliyekulia kwenye mafaili atampelekea kijitabu cha vivutio vya uwekezaji. Mtu aliyewahi kununua kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, akakikoboa na kukisafirisha, atauliza palepale: robusta ya skrini (ukubwa wa punje) 18 au 15? Unyevu usizidi asilimia ngapi? Bei unaitaka ya Kampala juu ya lori, au ya Mombasa ndani ya meli? Benki yako italipa baada ya kuona hati zipi? Kontena la futi 20 linabeba magunia 320, yaani tani 19.2, akijua hilo, anajua pia kama mnunuzi anasema kweli au anapima bei tu.

Ujuzi huo umekuwa na thamani zaidi tangu Umoja wa Ulaya upitishe kanuni ya 2023 kuhusu mazao yanayohusishwa na ukataji wa misitu. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini masharti yanajulikana: kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na kila shamba lionyeshwe mahali lilipo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kwa nukta moja ya ramani. Likizidi hapo, mipaka yake yote huchorwa. Mwanasheria wa ubalozi atasoma kanuni yote na kuielewa. Mfanyabiashara atajua inakwamia wapi: kwenye stoo ya mnunuzi wa kati, ambako kiboko cha mashamba mengi madogo kinamwagwa sakafu moja na kuchanganyika. Balozi anayeweza kueleza hilo mbele ya maofisa wa Brussels, kwa lugha ya mtu aliyelisimamia, anawatetea wakulima wa Masaka na Bugisu vizuri zaidi.

Sasa turudi kwenye simu ileile. Tuseme balozi huyu ana kinu chake cha kukobolea Kampala. Hana haja ya kuiba chochote. Inatosha jina la kwanza atakalompa mchoma kahawa liwe la kampuni yake. Hakuna risiti, hakuna shahidi, na wasafirishaji wengine waliokuwa na kahawa nzuri na bei nafuu hawatajua kamwe kwamba mteja aliwahi kupiga simu.

Wengi hudhani Mkataba wa Vienna unalizuia. Kifungu cha 42 kinamkataza mwanadiplomasia kufanya shughuli ya kibiashara kwa faida yake *katika nchi mwenyeji*, na kifungu cha 31 kinamvua kinga ya kesi za madai zitokanazo na biashara aliyoifanya huko nje ya kazi rasmi. Kinu chake kiko Kampala. Pengo hilo linapaswa kuzibwa na sheria yetu wenyewe, ile ya Maadili ya Viongozi ya 2002, inayomtaka kiongozi kutangaza mali na madeni yake kwa Inspekta Mkuu wa Serikali na kujiepusha na mgongano wa maslahi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari la tamko la mali linaonyesha tu mtu anamiliki nini siku ile. Halionyeshi nani anasaini hundi. Ndiyo maana hisa huhamia kwa mke, kwa mtoto, kwa shemeji, na kila karatasi ikawa safi. Waganda wanaokumbuka *mafuta mingi*, watu waliopata utajiri baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, kwa kuwa karibu na utawala na si kwa kujua biashara, wana haki ya kuwa na wasiwasi.

Makabidhiano ya kweli yana mpangilio wake. Kwanza ajiuzulu ukurugenzi, na badiliko hilo lisajiliwe kwenye ofisi ya usajili wa kampuni. Pili saini yake iondolewe benki zote; hili ndilo linalosahaulika zaidi, kwani mtu anaweza kuwa si mkurugenzi na bado akaidhinisha malipo kwa simu yake akiwa ng'ambo. Tatu hisa zishikwe na mdhamini asiye ndugu. Nne aandikie Wizara orodha ya bidhaa na kampuni ambazo hatazishughulikia, na afisa mwingine wa ubalozi akabidhiwe. Mwisho, kila ombi la mnunuzi liandikwe kwenye rejista kwa tarehe na lipelekwe kwa chama cha wafanyabiashara husika, si kwa kampuni moja. Nionavyo mimi, asiyekubali hatua hizi tano hajaacha biashara, amehamisha ofisi tu.

Fedha za serikali ni mtihani wa pili, ingawa huo hufundishika. Dukani, pesa ya kodi ya nyumba ikibaki inanunua mzigo. Ubalozini kila kifungu cha bajeti kina kazi yake, ada za viza ni mapato ya Hazina, na anayewajibika kwa matumizi ni afisa masuuli aliyeteuliwa na Katibu wa Hazina. Bajeti hupangwa kwa shilingi na kutumika kwa dola au yuro, kwa hiyo shilingi ikishuka, pengo linatokea bila mtu kukosea. Balozi aliyezoea amri yake kuwa ya mwisho hugombana na afisa masuuli mapema. Hukwaruzana pia na wenyeji, akizoea kumpigia waziri wa biashara moja kwa moja, ilhali kifungu cha 41 cha Mkataba wa Vienna kinataka shughuli rasmi zipitie wizara ya mambo ya nje ya nchi husika au wizara nyingine iliyoafikiwa.

Gumu zaidi ni tabia. Biashara haigombi, na ubalozi mara nyingine lazima ugombe. Meg Whitman, aliyewahi kuongoza kampuni za eBay na Hewlett-Packard, alikuwa balozi wa Marekani mjini Nairobi tangu 2022 hadi alipojiuzulu Novemba 2024. Aliinadi Kenya kwa wawekezaji kwa bidii ambayo hata wakosoaji wake waliikiri. Lakini waandamanaji walipouawa Juni 2024, wengi walilalamika kwamba sauti yake ilikuwa ndogo. Kwetu mtihani huo uko Ghuba. Mwajiri akimnyima mfanyakazi wa ndani kutoka Uganda pasipoti na mshahara, balozi anayelinda mkataba wa uwekezaji atasitasita. Akiwa na hisa katika kampuni ya kupeleka wafanyakazi huko, yule binti hana mtetezi.

Upande mmoja Marekani imetuzidi: mteule wao hutoa hadharani taarifa ya mali zake na huhojiwa na kamati ya Seneti mbele ya kamera. Kamati ya Uteuzi ya Bunge letu hukaa faragha. Ridhaa ya nchi mwenyeji ya kumpokea balozi, ambayo kwa kifungu cha 4 cha Mkataba wa Vienna inaweza kukataliwa bila sababu kutolewa, ni halali ibaki siri. Maswali kuhusu kinu cha kahawa hayastahili siri hiyo.

Kuna njia nyingine ambayo hatuitumii vya kutosha. Hayati James Mulwana alikuwa konsuli wa heshima wa Thailand mjini Kampala, yaani mwakilishi asiye mwanadiplomasia wa kazi, huku akiendesha viwanda vyake, na mfanyabiashara mwenzake Gordon Wavamunno akawa wa Hungary. Mkataba wa Vienna wa 1963 unaruhusu cheo hicho, kinga zake ni finyu, na kila anayebisha hodi anajua anaongea na mfanyabiashara. Kwa miji ambayo Uganda haina pesa za kufungua ubalozi, huo ni mpango wa wazi kuliko kumpa mtu bendera na kumwomba asahau duka lake.

Kwa atakayepewa ubalozi kamili, kituo kichaguliwe kwa kuangalia anachouza. Mwenye dhahabu asipelekwe Abu Dhabi. Mwenye kahawa aende kunakonunuliwa samaki au kunakotafutwa watalii. Na muda wake ukiisha, ile rejista ya maombi ya wanunuzi ihesabiwe pamoja na magari na samani, isainiwe, na ibaki ubalozini.