Pikipiki adimu ya traiali Malindi: ipandwe au ifungiwe?

Kila mwenye pikipiki ya zamani hapa Malindi hulifikia swali hili siku moja: chombo kikishakuwa adimu, kipandwe au kifungiwe ndani? Kwa pikipiki za traiali zenye injini ya mipigo minne, yaani inayolipuka mara moja kila pistoni ikipanda na kushuka mara mbili, swali linauma zaidi, maana hizi ziliundwa zipigwe na mawe. Anayeifungia anainyima kazi iliyoundiwa. Anayeipanda anaimaliza taratibu, bushi baada ya bushi, zile pete ndogo zinazobeba viungo vyake. Msimamo wangu nautanguliza: kwenye mwambao huu, pikipiki ya kawaida ya aina hii ipandwe, kwa kiasi na mahali palipochaguliwa. Hata hivyo, wanaotaka ifungiwe wana hoja ambazo hazijibiwi kwa shauku peke yake.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, traiali si mbio. Mpandaji anapewa kipande cha njia kilichowekewa bendera, chenye mawe, matope, mizizi au kijito, naye anatakiwa akivuke bila kugusa chini kwa mguu. Akigusa mara moja anapata pointi moja. Mara mbili, mbili. Zaidi ya hapo, tatu. Akianguka au akishindwa kuvuka, tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ndiyo maana pikipiki zenyewe zina kiti kidogo kisichokaliwa sana, tairi laini zinazojazwa upepo kidogo, na gia ya kwanza inayotambaa. Injini ya mipigo minne inafaa sana kazi hii kwa sababu inavuta hata ikiwa karibu kuzima. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine tairi linapata nafasi ya kushika jiwe. Anayezijua kwa kuzisikia tu hawezi kuelewa raha ya kupanda ngazi ya mawe huku injini ikihesabika, tu, tu, tu, bila haraka yoyote.

Uadimu wake una historia. Miaka ya 1950 Waingereza ndio waliotawala, na pikipiki zao za Ariel, AJS, Matchless, BSA, Royal Enfield na Triumph. Mwaka 1961 Gordon Jackson alishinda Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita kwenye milima ya Uskoti, juu ya AJS ya cc 350, akiwa amepoteza pointi moja tu kwa wiki nzima. Sammy Miller wa Belfast naye alitamba na Ariel ya cc 500 yenye namba GOV 132. Kisha Miller huyo huyo akahamia Bultaco ya Uhispania, nyepesi na ya mipigo miwili, na mwaka 1965 akashinda Uskoti nayo. Baada ya hapo zile nzito za Kiingereza hazikuwa na pa kushika. Honda ndio walioifufua mipigo minne: TL125 ya 1973, TL250 ya 1975, halafu RTL360 ambayo Mbelgiji Eddy Lejeune alitwaa nayo ubingwa wa dunia 1982, 1983 na 1984. Mambo yakarudi tena kwenye mipigo miwili, hadi Montesa ya Honda ilipogeuza upepo. Kuanzia 2007 Toni Bou alibeba ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka juu ya injini ya mipigo minne.

Nimeyataja haya kwa sababu uadimu hauko wa namna moja. TL125 ilitoka kiwandani kwa wingi, ikauzwa kwa watu wa kawaida. Imekuwa adimu kwa kuchakaa na kutupwa. RTL360 ya timu ilikuwa adimu tangu siku ya kwanza, ilitengenezwa chache kwa ajili ya mabingwa, na vipande vyake havipo dukani. Mtu anayesema "pikipiki adimu isipandwe" mara nyingi anazichanganya hizi mbili. Kwa ya pili nakubaliana naye kabisa. Ikitokea pikipiki ya timu ikafika pwani yetu, naona hata kuihifadhi hapa ni kuionea. Apewe mtu wa bara mwenye chumba kikavu. Ubishi wangu uko kwenye ile ya kwanza.

Hoja nzito kuliko zote za wanaofungia inatoka Uskoti kwenyewe. Tangu 1984, Kinlochleven kumekuwa na mashindano ya pikipiki za kabla ya 1965. Nia ilikuwa njema: zile Ariel na BSA zirudi kwenye mawe. Lakini penye mashindano pana mtu anayetaka kushinda. Miaka ilivyokwenda fremu zikaundwa upya kwa chuma chepesi, habu zikachongwa upya, foki zikajazwa vitu vya kisasa ndani, na leo baadhi ya pikipiki zinazoitwa za zamani zina uzee kwenye kava ya injini na nembo ya tangi tu. Kilichofanya hivyo ni kupandwa. Anayetaka kujua fremu ya Ariel ya 1958 ilikuwaje hasa, upana wake, unene wa bomba lake, jinsi ilivyochomelewa, anamtegemea mtu ambaye kwa miaka yote hiyo aliiacha kama ilivyo. Hoja hii siwezi kuipuuza, na kila anayepanda anapaswa kulala nayo.

Wana hoja ya spea pia, na Malindi inawaunga mkono. Ukiingia duka lolote la spea za pikipiki karibu na Lamu Road utakuta vitu vya Boxer na vya zile pikipiki za Kichina zinazofuata injini ya Honda CG125. CG125 ilitoka 1976, ikafikiriwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo na huduma huchelewa. Valvu zake husukumwa na vijiti vinavyotoka chini. TL125 si hivyo. Kamshafti yake, mhimili unaofungua valvu, iko juu, inazungushwa na cheni, na inategemea oili safi ifike huko. Injini hubeba takriban lita moja tu ya oili. Ikisahauliwa, kamshafti inaliwa, na hakuna duka mjini litakalokuuzia nyingine. Utaagiza ng'ambo, utalipa ushuru, utangoja. Kila saa ya kupanda, basi, inakata kwenye akiba isiyoongezeka.

Upande wa pili kuna bahari.

Niliwahi kuitazama kwa karibu TL125 moja iliyofungiwa upande wa Casuarina, chini ya paa la makuti, ikafunikwa turubai na kuachwa kwa miaka. Mwenyewe aliipenda, turubai lilifungwa kwa kamba vizuri. Tulipolifunua, kava za injini zilikuwa zimeota unga mweupe, ule wa aluminiamu iliyokutana na chumvi. Spoki kadhaa zilikatika kwa kusukumwa na kidole. Kwenye kabureta petroli ilikuwa imegeuka gundi ya rangi ya asali, na tundu la jeti ndogo lilikuwa halionekani tena. Kiki haikushuka hata kidogo. Tulipovua silinda tukaelewa: pikipiki iliegeshwa valvu ikiwa wazi, hewa ya baharini ikaingia hadi ndani, na ringi zikashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Pikipiki hii haikuguswa na jiwe tangu siku iliyofungiwa. Iliharibiwa na turubai lililozuia unyevu usitoke, na kusi iliyopita uani miezi na miezi.

Huko bara, au Ulaya kwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa, kufungia ni kuhifadhi. Hapa mita mia chache kutoka ufukweni, kufungia bila matunzo ni njia nyingine ya kumaliza, tena isiyoonekana. Wazee wa Lamu na wa hapa wanalijua hili kwa vyombo vya mbao: jahazi likiachwa nchi kavu muda mrefu, mbao hukauka, hufunguka, na siku ya kulirudisha majini linavuja kila mahali. Linalosafiri hupigwa kalafati, hubadilishwa ubao mmoja mmoja, na hakuna anayesema si jahazi lile.

Mtu atasema: basi iwashwe tu kila wiki, isipandwe. Hili ndilo suluhisho linalopendwa na wengi na ndilo baya kuliko yote. Injini inayowashwa dakika chache kisha ikazimwa haipati moto wa kutosha. Maji yanayozaliwa na mwako hubaki ndani ya oili, yakichanganyika na mabaki ya petroli, na yanakula beringi na kamshafti kimyakimya. Ama ipandwe hadi ipate joto kamili, ama ilazwe kitaalamu: petroli itolewe tangini na kwenye kabureta, oili mpya iwekwe kabla ya kulala, pistoni isimamishwe juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, na ifunikwe shuka la pamba linalopitisha hewa. Kulaza namna hii kunahitaji nidhamu ya kurudi na kukagua. Anayeweza, nampa heshima zote. Nimewaona wachache.

Hata Sammy Miller mwenyewe, aliyeanzisha makumbusho ya pikipiki New Milton kusini mwa Uingereza, anajulikana kwa kutunza pikipiki zake zikiwa na uwezo wa kuwaka na kwenda. Kwa hiyo kuchagua kati ya uhai na uhifadhi si lazima.

Kuhusu uasili, ninachowaomba wanaopanda ni kimoja, na sioni udhuru wa kukikataa: kitu cha asili kisitupwe. Malindi tuna mafundi wa kukereza wanaoweza kutoa bushi ya mkono wa nyuma kwa siku moja, kwa shaba au kwa nailoni, na ikavaa vizuri kuliko ya kiwandani iliyochoka. Fundi wa kuchomelea atarudisha kikanyagio kilichovunjika. Vizuri. Ile bushi kongwe iingie kwenye mfuko, iandikwe ilitoka wapi na lini, mfuko uende na pikipiki siku itakapouzwa. Fremu isikatwe. Matundu mapya yasitobolewe. Tairi, nyaya, cheni na taa za kisasa ni vitu vya kuvaa na kuvua. Aliyekata fremu ya TL250 ili apate uzito pungufu ameamua kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa, na hakuwa na haki hiyo.

Halafu kuna mahali pa kupanda, na hapa ndipo nawaona wapandaji wengi wakikosea. Ufukweni, hapana. Kasa hupanda kutaga kwenye mchanga wa Watamu na Malindi. Tairi hukandamiza kiota, na mfereji wake humnasa kifaranga anayetafuta maji usiku. Mdomo wa Sabaki una ndege wanaotoka mbali kuja kula kwenye matope yale, nao hawahitaji kelele zetu. Marafa, kwenye lile bonde la Nyari lenye kuta nyekundu na nyeupe, ni kishawishi kikubwa kwa mpenda traiali. Lakini mchanga ule mlaini unamomonyoka kwa mvua peke yake, na wenyeji wanapata riziki kwa kuwaongoza wageni kuutazama. Njia ya tairi ukutani mwake hubaki, na masika ijayo huigeuza korongo. Hata mtu akiniruhusu, sitapanda pale.

Panapofaa ni machimbo yaliyoachwa ya mawe ya tumbawe, kwa idhini ya mwenye ardhi. Yana ngazi zilizokatwa kwa misumeno, kona kali, vifusi, na hakuna kilichobaki cha kuharibu. Tumbawe kavu hushika tairi kwa namna ya ajabu, na hukwangua kila linalogusa, kwa hiyo sahani ya kukinga chini ya injini isikosekane. Likilowa na kuota ukungu wa kijani, liache hadi kaskazi ilikaushe. Kufika huko barabarani kunadai leseni, bima, kofia ngumu na namba, na pikipiki nyingi za traiali hazina hata taa; ibebe kwenye pikapu.

Nimesikia pia lawama kwamba katika mji ambao vijana wanaishi kwa bodaboda, huu ni mchezo wa wenye nazo. Kwa kiasi ni kweli. Ninachokiona ni kwamba pikipiki iliyofungiwa haimlishi mtu yeyote, na ile inayopandwa inampa kazi mkerezaji, mchomeleaji na fundi wa injini. Zaidi ya hapo inafundisha. Kijana wa gereji ya leo amekulia kwenye moto wa kielektroniki. Akikutana na pointi za platini, ile swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, anabadilisha plagi, anabadilisha waya, kisha anakata tamaa. Aliyewahi kupima mwanya wa pointi kwa kipimo chembamba, akasafisha uso wake, akaona cheche ikirudi, anaelewa pikipiki yoyote vizuri zaidi, ikiwemo Boxer inayomlisha. Wenye hizi pikipiki wamwite kijana huyo siku ya kurekebisha taimingi, wampe kipimo mkononi, na wamlipe siku yake.