Mganga wa Nyundo

Daktari wa moyo utamjua kwa kile kipimo anachokitundika shingoni hata akiwa sokoni Mwanjelwa anachagua vitunguu. Wa upasuaji utamjua kwa haraka yake. Sisi tunaotaka kubobea kwenye ubongo na mishipa ya fahamu hatujulikani mpaka mkoba ufunguliwe, na ukifunguliwa mahali pasipofaa, kazi unayo.

Ngoja nieleze kilichomo mkobani, maana kesi yote imo humo. Kwanza nyundo. Siyo ya seremala. Ina mpini mwembamba na mrefu kama fimbo ya mwalimu wa kwaya, na kichwani ina kigurudumu kilichozungushiwa mpira. Mtindo huo ulitoka hospitali ya Queen Square, London, ambako muuguzi mmoja aliyeitwa Wintle alikuwa akiziunda mwenyewe kwa mwanzi, vigurudumu vya shaba na zile pete za mpira wanazowekewa akina mama mfuko wa uzazi unaposhuka, kisha anawauzia madaktari vijana. Kweli kabisa. Angezaliwa Iringa, mwanzi ungempa nyundo asubuhi na ulanzi jioni.

Halafu kuna uma wa chuma: ukiugonga unavuma mitetemo 128 kwa sekunde, unaushikiza kwenye kidole gumba cha mguu, mgonjwa anakwambia kama anausikia. Pamba. Pini. Kichupa cha kahawa ya Mbozi na kingine cha karafuu, kwa sababu neva ya kwanza ya kichwa kazi yake ni kunusa. Funguo na sarafu. Kitambaa kirefu chenye mistari myekundu na myeupe, unakivuta taratibu mbele ya mgonjwa uone macho yanavyokifuata na kuruka kurudi. Na karatasi yenye mchoro wa mtu, uchi, mbele na nyuma, amegawanywa kwa mistari kuonyesha kila kipande cha ngozi kinahudumiwa na neva ipi ya uti wa mgongo: T4 kwenye chuchu, T10 kitovuni. Vipande vilivyokuwa vinanisumbua kukariri nilikuwa nimevipaka wino mwekundu.

Naona umeshaanza kucheka. Subiri.

Wakati huo nilikuwa rezidenti wa magonjwa ya ndani hapa Mbeya, yaani daktari anayesomea ubingwa, nimeomba nafasi ya ubobezi. Kwetu njia yake ni ndefu: miaka mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kazini, mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo uanze kuulizia ubongo. Rafiki yangu aliyekuwa akihangaikia Marekani alipenda kunitambia kwamba kule ukitoka chuo unaingia moja kwa moja, miaka minne yote kwa pamoja, wa kwanza ukiwa wa magonjwa ya ndani. Anachosahau kutaja ni mitihani ya kuingilia, na kwamba mwezi Machi kompyuta ndiyo inakwambia hospitali iliyokuchukua, kama ipo iliyokuchukua. Kila mtu na msalaba wake.

Wangu ulikuwa usaili wa video siku ya Jumatatu. Bingwa wetu alinionya: "Usikariri. Wataona. Nenda kapime mtu mzima mzima, kuanzia kunusa mpaka kutembea." Akaniazima nyundo yake. Wodini wenzangu walishachoka kugongwa magoti, hata wauguzi wakiniona koridoni wanageuza njia. Akabaki Bibi, Tukuyu, ambaye ana miaka zaidi ya themanini na hana pa kukimbilia.

Basi Jumamosi, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nikapanda kosta stendi ya Nane Nane. Mkoba nikaupandisha juu, mimi nikajibanza siti ya nyuma dirishani, nikajifunika koti mpaka kichwani. Uyole sikuiona.

Nilizinduliwa na baridi. Gari limesimama, injini imezimwa, ndani hakuna mtu. Nje ukungu wa Isyonje, ule ambao ukinyoosha mkono unaagana na vidole. Nikajua pancha. Nikashuka, nikakuta abiria wote wamesimama mbali kidogo, wamenipa mgongo, wanatazama kitu cheusi majanini. Jirani yangu wa karibu alikuwa mama aliyekumbatia boksi la vifaranga.

"Shikamoo mama. Gari limeharibika?"

"Marahaba mwanangu. Afadhali lingeharibika. Kuna mtu kapanda na vitu vyake."

"Vitu gani?"

"Vya kazi," akasema kwa sauti ya chini.

Akanisimulia. Kwenye kona mkoba ulianguka kutoka juu, ukafunguka. Likatoka lichuma, likagonga mguu wa siti, likaanza kuimba. "Linaimba lenyewe, baba! Mmmmmm! Mpaka vifaranga vyangu vikanyamaza." Baada ya chuma ikafuata nguo nyekundu na nyeupe, ikajikunjua yenyewe mpaka mlangoni. Halafu karatasi. "Kachora mtu, kamkatakata vipande. Vingine keshavipaka damu. Hivyo ndivyo alivyokwisha kuvichukua." Watu walitokea mlangoni na madirishani. Konda, kijana jasiri, ndiye aliyerudi na mpini wa fagio akausukuma mkoba hadi nje.

Mtu aliyetoka zamu ya usiku akili yake haiji yote kwa wakati mmoja. Mimi nilitikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema kwa sauti, na mashahidi wapo: "Watu wa namna hii hawana haya! Wapelekwe polisi." Wazee wawili wakageuka kunitazama kwa heshima. Mmoja akasema, "Kijana kasema." Nikafarijika, nikasogea mbele nione.

Kile kitambaa nilikishona mwenyewe. Ningekitambua popote.

Kwa jinsi magoti yalivyolegea, hata bingwa na nyundo yake asingepata kitu. Nilifikiria kunyamaza, nipande gari jingine, mkoba ubaki Isyonje. Lakini nyundo haikuwa yangu, na mwenye nyundo ndiye aliyeniandikia barua ya kunitambulisha kwenye jopo. Na konda alishaanza kumwomba dereva petroli kidogo.

Nikainua mkono. "Ni wangu."

Mama wa vifaranga akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Si ndiye aliyesema apelekwe polisi?"

"Mimi ni daktari, mama."

"Waganga wote ni madaktari," akajibu mzee mmoja, wala si kwa ubaya. "Kitambulisho?"

Kitambulisho kilikuwa kwenye koti jeupe, na koti jeupe lilikuwa Mbeya, kwenye msumari. Yakaanza mahojiano ambayo mpaka leo nasema yalikuwa makali kuliko usaili wowote niliowahi kufanyiwa.

"Karafuu za nini?"

"Za kunusa."

"Na hela?"

"Mgonjwa anafumba macho, namwekea sarafu kiganjani, anatambua ni nini."

"Anafumba macho," konda akarudia, akiwageukia wenzake. "Halafu hela inabaki kwa nani?"

Nikaona niingie kwenye historia. Nikawaambia kuna daktari wa Ufaransa aliyeitwa Babinski, ambaye mwaka 1896 alieleza kwamba ukimkwaruza mtu mzima unyayoni na kidole gumba kikapanda juu badala ya kushuka, kuna hitilafu kwenye ubongo au uti wa mgongo.

"Kwa hiyo," akasema yule mzee polepole, "wewe huwa unachukua nyayo za watu." Na akarudi nyuma, akificha miguu yake kwenye majani marefu.

Aliyetaka kunisaidia ni dada mmoja aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa sekondari. Akasema badala ya maneno mengi, daktari apime mtu tuone. Konda akajitolea, kwa sababu ya umati. Akakaa juu ya kreti la soda, mguu unaning'inia. Nikagonga chini ya pia ya goti. Mguu ukaruka, ndala ikatoka, ikapotelea kwenye ukungu.

Zikapigwa kelele ambazo nadhani zilifika Kiwira.

"Sijaurusha mimi!" konda anapiga mayowe. "Haki ya Mungu sijaurusha!"

"Ndiyo!" nikasema, nikidhani nimeshinda. "Hujaurusha wewe! Habari inatoka kwenye mshipa wa goti, inakwenda kwenye uti wa mgongo, inarudi kwenye msuli. Ubongo wala hauulizwi. Wajerumani wawili, Erb na Westphal, walishaliandika hilo mwaka 1875."

Mwalimu akakunja uso. "Yaani unauendesha mguu wa mtu bila ruhusa ya ubongo wake, halafu unasema wewe si mganga?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Wakati nikitafuta la kusema, macho yakatua kwa mzee mwingine, mwenye koti refu, aliyesimama pembeni na mkewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka umetulia tu ubavuni, kidole gumba kikijisugua na kile cha shahada. Aliponyoosha mkono kuchukua mkongojo, mtetemo ukatoweka. Akapiga hatua, fupi fupi, miguu ikiburuza. Uso hauchezi, macho hayapepesi. Nikasahau kesi yangu. Nikaokota kichupa cha kahawa, nikamwamkia, nikamwomba anuse.

"Maji?" akasema.

Nikamgeukia mkewe. "Bibi, usiku akiwa usingizini, babu hapigi kelele? Harushi ngumi, anapigana na watu ndotoni?"

Bibi yule akaangusha mwavuli.

"Nani amekwambia?" akasema. "Miaka mingi sasa. Mimi nalala chumba cha watoto. Hata mkwe hajui! Nani amekwambia?"

Sasa hapo ningeweza kueleza kwamba ugonjwa wa Parkinson mara nyingi hutanguliwa na kupoteza kunusa na huko kupigana usingizini, wakati mwingine miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka, na kwamba swali hilo limo vitabuni. Nilieleza hata. Nani asikilize? Mganga aliyewaambia watu siri ya chumbani baada ya kunusisha kahawa hahitaji maelezo. Petroli ilirudishwa kwenye gari. Mkoba ukafutwa umande kwa kanga ya mtu. Nikahamishiwa siti ya mbele, na kutoka Isyonje mpaka Tukuyu nilipima magoti, ganzi, kizunguzungu na shingo ya dereva, gari likiwa linatembea. (Mzee na mkewe walikuja kliniki kweli. Vidonge vipo, na mkono umepungua kutetemeka.)

Konda alikuwa na simu, na simu ina kasi kuliko kosta. Nilipofika kwa Bibi nilikuta benchi la kanisani limetolewa nje na watu wamekaa. Walikuwepo wenye migongo, wenye miguu ya baridi, na mama mmoja na binti yake mwenye kifafa, wamekaa mwisho kabisa kwa sababu jirani waliogopa povu. Nikaanza na hao. Nikamwambia mama mbele ya wote kwamba mate ya kifafa hayaambukizi, aguswe bila woga, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni. Nikaandika karatasi ya kliniki. Nikawasogeza benchi la mbele, na nikahakikisha jirani hawasogei.

"Ndaga, asante, mjukuu wangu," Bibi akaninong'oneza. "Wape haraka haraka. Wameshalipa."

"Wamelipa nani?"

Hakujibu. Nyuma ya jiko kulikuwa na mikungu ya ndizi, maparachichi debe zima, na jogoo mwekundu amefungwa mguu. Na Bibi mwenyewe, niliyemfuata siku nzima ili nimpime, alikataa kata kata kuguswa. Alisema yeye ni mhasibu.

Nilimkatalia yote isipokuwa jogoo. Jogoo aliniwekea kwenye gari nikiwa naagana na wajomba.

Jumatatu nikakaa mbele ya kompyuta, tai shingoni, kilichobaki chini nimevaa kaptula. Jopo lilikuwa la watu watano. Mwenyekiti akaniuliza kama nina uzoefu wowote wa kuwapima wagonjwa nje ya mazingira ya hospitali. Nikawa napanga sentensi, na chini ya meza mwenzangu akawika.

"Daktari," akasema Profesa, akiinamia skrini, "hiyo ni sauti ya nini?"

"Ni ada, Profesa."