Kabari Amenasa Rasmi

Bwana harusi huyu nimesoma naye chuo, chumba kimoja, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini, na niko tayari kula kiapo kwamba hakuna tundu aliloliona akaliacha salama. Tulimwita Kabari. Akiona chupa tupu, kidole kiko ndani. Akikalia kiti chenye mgongo wa mbao zilizoachana, mkono umeshapenya hadi kiwikoni na mhadhiri hata ubao hajafuta. Ukimuuliza alikuwa anatafuta nini huko, jibu ni lilelile: "Nilitaka tu kuona kama inaingia."

Inaingia, Kabari. Siku zote inaingia. Shida yetu haijawahi kuwa kuingia.

Kilele cha kazi zake kilikuwa dirisha la bweni. Jioni moja alisikia jina lake likitajwa huko chini, akasukuma kichwa kati ya nondo mbili apate kujua anasemwa kwa mazuri au kwa mabaya. Kichwa kikapita. Kurudi, kikagoma. Kosa ni la masikio: kwenda hulala, kurudi husimama. Nusu ya bweni ikajaa chumbani kutoa ushauri. Wa uhandisi akatoa kalamu akaanza kuchora mchoro wa dirisha. Wa sheria akataka kujua nani alishuhudia. Mimi nilikuwa nimeshika miguu, navuta, huku yeye anapiga kelele kwamba shingo si yangu.

Chini akapita binti mmoja na ndoo ya nguo zake. Akainua macho, akauona ule uso umetokeza ukutani bila mwili, akauliza kwa upole kabisa, "Kaka, unauza nini?"

Kisha akapanda ngazi na kipande cha sabuni mkononi. Akatusukuma pembeni sote, wahandisi na wanasheria, akapitisha mikono kati ya nondo, akampaka povu nyuma ya masikio, akamwambia ashushe kidevu ageuze uso ubavu. Kichwa kikatoka. "Asante sana, dada," akasema Kabari, povu likimchuruzika hadi kwenye kola. "Usirudie," akajibiwa. Mwezi haukuisha, wale wawili walikuwa wanasomea meza moja maktaba, na jamaa ambaye maktaba aliijua kwa nje akaanza kuwahi kiti asubuhi.

Huyo ndiye bibi harusi.

Sasa njoo asubuhi ya harusi. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo pete ziko kwangu: kisanduku kimefungwa, kisanduku ndani ya mfuko wa koti, koti limetundikwa. Naingia bafuni kunyoa. Natoka, namkuta bwana harusi ameketi ukingoni mwa kitanda, shati jeupe, tai imekaa sawa, mkono wa kushoto ameuficha mgongoni.

"Ndugu yangu, usikasirike."

"Toa mkono."

Pete ya bibi harusi ilikuwa kwenye kidole chake cha mwisho, imeshavuka kiungo, imekaa kule chini imetulia kabisa.

"Nilitaka tu kuona kama..."

"Inaingia," nikamalizia.

Pete iliyonasa ina ukorofi wake. Ukiivuta, ngozi inajikunja mbele yake na kuizibia njia. Ukizidi kuvuta, kidole kinavimba, na kikivimba, damu inayoingia inakosa njia nzuri ya kurudi, basi kinavimba zaidi. Kabari alikuwa ameshavuta kwa nguvu zote. Kidole kilikuwa kinaelekea zambarau. Sabuni tuliipaka, haikusaidia. Yule wa uhandisi, ambaye sasa ana kazi nzuri na watu chini yake, akauliza kama kuna mtu ana plaizi. Wa sheria akasema kabla ya kukata tujiulize kwanza: pete ambayo haijavishwa, kisheria ni mali ya nani?

Nikamtia mkono kwenye maji baridi, halafu nikamwambia aunyooshe juu, damu ishuke. Dereva akachungulia kutuita, akamkuta bwana harusi amesimama mbele ya kioo ameinua mkono kama anayeomba ruhusa ya kuuliza swali. Akaufunga mlango taratibu.

Ndipo akaja shangazi wa bibi harusi kuona tunachelewa nini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kuna nini humu?" Akakitazama kidole. Hakushangaa hata kidogo, nadhani habari za dirisha zilishamfikia. "Nipeni uzi."

Uzi hatukuwa nao. Shangazi akaniangalia mimi, akaliangalia koti langu jipya, akaligeuza, akaukamata uzi wa bitana na kuuvuta kwa mkupuo mmoja. Akapenyeza ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani. Upande wa pili akauzungusha kwenye kidole, mzunguko ukibanana na mzunguko, kuanzia penye pete hadi kukipita kiungo. Kisha akaishika ile ncha ya chini akaanza kuufungua kuelekea kuchani, na kila mzunguko ulipofunguka, pete ikasogea kidogo. Kabari alifumba macho. Ilipopita kiungo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya matokeo.

Bitana langu likabaki linaning'inia. Limo kwenye kila picha.

Ukumbini tuliulizwa kama kuna mwenye pingamizi, sote tukanyamaza. Pingamizi likaja baadaye, kwenye kiungo. Mkono wa Kabari ulikuwa umevimba wote kwa purukushani za asubuhi, na pete yake mwenyewe ilipofika katikati ya kidole ikasimama. Akaikazia macho. Mfungishaji ndoa akakohoa. Bibi harusi, bila kuinua uso, akaingiza vidole viwili katikati ya shada lake la maua, akatoa kichupa kidogo cha mafuta.

"Geuza mkono," akamwambia.

Nilipopewa kipaza sauti niliiacha hotuba niliyoandika, nikasimulia kisa kimoja tu. Mwaka wa pili nilifeli vibaya nikaamua kurudi nyumbani moja kwa moja. Nimefunga begi, nimevaa viatu, Kabari akaanza kulichunguza lile begi, na kidole kikanasa kwenye tundu la kufuli. Kumnasua kulituchukua hadi gari likaniacha. Usiku tukaongea, asubuhi nikaenda darasani. Hadi leo hajaniambia kama alifanya makusudi, na siku hiyo nilipomuuliza mbele ya watu wote alicheka tu akainama.

Kisha tukaitwa kupiga picha. Mpiga picha alikuwa na stendi ya chuma yenye vitundu vitundu miguuni, vya kurekebishia urefu. Nilimwona Kabari anaviangalia. Kidole kikaanza safari. Kabla sijafungua mdomo, bibi harusi alishampiga kofi la mkono, huku anatabasamu kwenye kamera.