Maharage Yapo, Mpishi Yupo

Shemeji yangu ameamka na picha nyingine. Alfajiri simu inatetemeka chini ya mto, nafungua nikidhani kuna msiba nyumbani, kumbe ni kijiji cha mawe kimening'inia kwenye jabali, na mnara wa kanisa, na maua mekundu madirishani. Chini kaandika: "Shem, Jumamosi twende hapa basi, jamani." Anayeandika haya yuko chumba cha pili. Sijamjibu. Nimelitazama goti langu la kulia, nalo limenitazama.

Nyie wenye wageni kutoka nyumbani mnanielewa. Mgeni akishatua Ulaya, wewe unakuwa dereva, mpiga picha, mkalimani, mbeba mikoba na tawi dogo la benki. Nami naishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mji tambarare, una mto, una treni ya chini ya ardhi, una mabenchi. Hawautaki. Wanataka vijiji vya mlimani! Shemeji huyohuyo akipelekwa kijijini kwao Krismasi anashinda ndani ya gari analalamikia mtandao.

Mwenzake katika msafara ni baba mdogo, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mkazi wa Lushoto. Nasema tena, Lushoto. Siku ya kwanza nilipomshusha chini ya kilima, aliweka mkono kiunoni, akakitazama kijiji kule juu, akaniuliza kwa upole wa mtu anayesahihisha daftari: "Mwanangu, mmenitoa Usambara kwa ndege mje kunionyesha kilima?"

Nami hilo swali la kilima limenikera mpaka nikaanza kulisomea. Waliojenga vijiji hivi hawakupanda kule kwa ajili ya mandhari, walikuwa wanajihami. Chukua kijiji cha Cordes, ambacho siku hizi kinaitwa Cordes-sur-Ciel. Kilianzishwa mwaka 1222 na Raymond wa Saba, mtawala wa Toulouse, wakati kusini hii inachinjwa na vita vya dini vilivyoshuka kutoka kaskazini. Hesabu yake naiona: adui mwenye upanga akifika juu awe hoi, hana hata pumzi ya kutukana. Miaka mia nane imepita na kilima bado kinafanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichobadilika ni kwamba adui sasa analipia maegesho kwanza.

Na mashine ya maegesho inataka namba ya gari. Nani anaikumbuka namba ya gari lake? Unashuka, unakwenda kusoma, unarudi, foleni nyuma yako inahema.

Chama chao rasmi cha vijiji vizuri kipo tangu 1982. Ili kijiji kikubaliwe, wakazi wasizidi 2,000 na kiwe na walau sehemu mbili za kale zinazolindwa. Mimi ningeongeza sharti la tatu, choo kilicho wazi.

Rocamadour tulikwenda. Ngazi 216, mahujaji wa zamani wakizipanda kwa magoti. Goti langu liliposikia hivyo likagoma papo hapo. Saint-Cirq-Lapopie nayo tuliegesha juu, tukashuka tunaimba, mpaka shemeji alipouliza gari liko wapi.

Lakini Cordes ndiyo iliyonimaliza. Kuna kitreni cha watalii kinachopandisha watu, ila mke wangu alisema kwa miguu ndiyo utaona vitu. Tukaona vitu. Kuna ngazi za mawe zinaitwa Pater Noster, na inasemekana vidaraja vyake ni sawa na idadi ya maneno ya Sala ya Bwana kwa Kilatini. Ningejua ningefunga mdomo. Mzee wa kanisa akaamua kuhakiki kwa Kiswahili, neno moja kidaraja kimoja, kwa sauti ya ibada ya kwanza. Watalii wakasimama kando kumpisha. Alipofika "utuokoe na yule mwovu" ngazi bado zilikuwepo. Akasita, akageuka, akanitazama mimi.

Tukaingia mgahawani saa nane na dakika nne.

Ambaye hajaishi nchi hii atasema, si mchana bado? Mchana upo. Chakula ndicho hakipo. Mhudumu alikuwa anafuta meza kwa kitambaa cha mistari, akasema bila kuinua kichwa: jiko limefungwa.

"Anasemaje?" akauliza baba mdogo.

"Anasema jiko limefungwa, baba."

"Limefungwa na nani?"

Nikatafsiri. Mhudumu akatafakari, kwa haki kabisa, akajibu kwamba limefungwa kwa sababu ni saa nane na dakika nne. Shemeji akaniambia nimwambie tunaongeza pesa. Sikutafsiri. Mke wangu akasema mzee ana dawa zake za presha, hawezi kumeza tumbo tupu. Hiyo niliitafsiri kwa huzuni yote niliyonayo. Mhudumu akahuzunika pia, kwa dhati, akatuletea karatasi ya aiskrimu.

Sasa mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Na pale mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mpishi mwenyewe, amekunja mikono ya koti jeupe, mbele yake bakuli la udongo linatoa moshi. Ndani kuna maharage meupe na paja la bata. Anachovya mkate, anazungusha ukingoni mwa bakuli taratibu, anafumba macho.

Mtu wa Lushoto humwambii kitu kuhusu maharage.

"Mwanangu, yale si maharage?"

"Ni maharage, baba."

"Na yule si mpishi?"

"Ndiye."

"Maharage yapo, mpishi yupo, sisi tupo. Sasa tatizo ni nini?"

"Tatizo ni saa, baba."

Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Nawajua walimu wakuu, hiyo ni ishara ya kiboko. "Niitie mwenye mahali."

Akaja mama wa makamo, miwani yake imening'inia kwa mnyororo. Baba mdogo akasimama, akavua kofia, akainama kidogo, akatoa Kifaransa chote alichonacho: "Bonjour, madame." Huku bila salamu hupewi hata maji, na sisi, njaa ilivyotushika, hatukuwa tumesalimia mtu. Uso wa yule mama ukafunguka. Akampa mkono. Akaisifu kofia. Akauliza tumetoka wapi, Tanzania ni karibu na nini, mzee ana wajukuu wangapi. Nikatafsiri huku nimeanza kulainika, mate yanajaa, naona kabisa mabakuli manne yanakuja. Akamshika baba mdogo bega, akamwambia kwa upendo wa dada na kaka kwamba jiko limefungwa.

Hapo heshima ikaniisha. Jamani, bakuli la maharage linahitaji nini zaidi ya upawa? Nani amekufa kwa kupakua saa nane na robo? Mimi nalipa kodi nchi hii! Nilisema yote hayo, kwa Kiswahili, nikiwa nimekaa, kwa sauti ndogo.

Tukala aiskrimu. Yule mama kwa huruma akaongeza kikapu cha mkate, na baba mdogo akachovya mkate kwenye vanila akimkazia macho mpishi, tonge kwa tonge, mpaka yule bwana akageuza kiti chake.

Wakati wa kushuka jogoo akawika nyuma ya ukuta fulani, nami ili kumtuliza mzee nikamsimulia kesi ya jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron. Majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko walimshtaki kwa kelele za alfajiri, mwaka 2019 mahakama ikampa ushindi jogoo, na walalamikaji wakaamriwa kulipa euro 1,000. Januari 2021 ikapitishwa sheria kabisa ya kulinda sauti na harufu za mashambani.

Kumbe nimemwaga petroli. Baba mdogo ana kesi na jirani yake kule Lushoto, mtu aliyehamia kutoka Dar, na chanzo ni beberu. Njia nzima hakuuliza tena habari za chakula. Anaitaka hiyo sheria yote, niichape, niitafsiri kwa Kiswahili, ipigwe muhuri mwekundu, mwekundu hasa, maana muhuri wa bluu haumtishi mwenyekiti wa kijiji chao. Nikamwambia sheria ya Ufaransa haifiki Usambara. Akaniuliza kama beberu wa Ufaransa ananuka tofauti.