Kindiki alitimuliwa kwa kura gani? Seneta kati ya chama na kaunti

Mei 22, 2020, Bunge la Seneti la Kenya lilimwondoa Kithure Kindiki kwenye kiti cha Naibu Spika. Kura 54 zilitaka aende, 7 zilitaka abaki. Ukiuliza ni kura gani aliyoipiga vibaya hata akastahili adhabu hiyo, hutapata jibu, kwa sababu shtaka halikuhusu kura yoyote. Siku 11 kabla ya hapo, Mei 11, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amewaita Ikulu maseneta wa Jubilee, chama kilichotawala wakati huo, na seneta huyo wa Tharaka Nithi hakuonekana. Katika mkutano huohuo Kipchumba Murkomen alipokonywa uongozi wa walio wengi na Susan Kihika akavuliwa ukiranja, yaani kazi ya kuwakusanya maseneta wa chama wapige kura kwa pamoja.

Nimeanzia hapo makusudi. Kila tunapobishana kama seneta fulani ni mwaminifu kwa chama au ni msaliti, tunazungumza kana kwamba kuna daftari la kura alizopiga, tulifungue tuhesabu. Uaminifu wenyewe kwetu hupimwa kwa nani alikuja Ikulu, nani alisimama kwenye jukwaa la nani, nani alimtaja kinara kwa jina. Kura huja baadaye, na mara nyingine haiji kabisa.

Hoja ya kukitetea chama ina uzito, na wanaoidharau hawaitendei haki. Mwaka 2017, katika maeneo mengi ya Mlima Kenya, kushinda mchujo wa Jubilee kulikuwa sawa na kushinda uchaguzi wenyewe. Mpiga kura aliona rangi ya chama, akaona picha ya rais kwenye bango, akatia alama. Seneta aliyeingia bungeni kwa mgongo wa bango hilo kisha akasema anafuata dhamira yake anapaswa kueleza dhamira hiyo ilikuwa wapi wakati wa kampeni. La pili ni la kibiashara, na halisemwi sana hadharani: bunge lisilo na nidhamu ya chama huuza kura zake rejareja. Kiranja akishindwa kuwaongoza watu wake kwa pamoja, serikali itamfuata mmoja mmoja, na kila mmoja atakuwa na bei yake. Wanaopenda seneta huru wakumbuke kwamba seneta huru ndiye rahisi kununulika akiwa peke yake.

Ila kuna Katiba. Kifungu cha 96 kinasema Seneti inawakilisha kaunti. Kifungu cha 123 kinakwenda mbali zaidi: jambo likihusu kaunti, maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti moja wanahesabika kuwa ujumbe mmoja wenye kura moja tu. Kura hiyo hupigwa na kiongozi wa ujumbe, yaani seneta aliyechaguliwa, baada ya kushauriana na wenzake, au na mwingine aliyemteua. Ndiyo maana Seneti ina watu 67 bila kumhesabu Spika, lakini mswada wa ugatuzi unaamuliwa kwa kura 47, na 24 zinatosha. Siku ya kura ya namna hiyo inaitwa kaunti. Kisheria, anayejibu "ndiyo" au "la" ni Wajir, ni Kwale, ni Nyeri. Jubilee na ODM, chama cha Raila Odinga, hazimo kwenye orodha hiyo.

Mfumo huo ulijaribiwa kwa moto mwaka huohuo wa 2020, kwenye fomula ya kuzigawia kaunti mapato ya taifa. Kifungu cha 217 kinaitaka Seneti iweke msingi wa mgao huo kila baada ya miaka mitano. Fomula ya pili ilikuwa imeipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Pendekezo jipya la Tume ya Ugavi wa Mapato lilipunguza uzito huo kwa jina, likaingiza afya, kilimo na miji, vigezo ambavyo navyo hufuata vichwa vya watu. Wapenzi wake wakalipatia kaulimbiu: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja.

Chukua kaunti mbili uone kwa nini watu walishikana mashati. Sensa ya 2019 iliikuta Lamu na watu 143,920 na Kiambu na watu 2,417,735. Katika mwaka wa fedha wa 2019/20 Lamu ilitengewa takribani shilingi bilioni 2.6, Kiambu takribani bilioni 9.4. Gawanya. Mkaazi wa Lamu anahesabiwa kama Sh18,000, wa Kiambu hazifiki Sh4,000. Mtu wa Thika au Githurai anayepanga foleni zahanati tangu alfajiri ana haki ya kuuliza kwa nini yeye hafiki hata robo ya mwenzake. Na mtu wa Faza, visiwani Lamu, naye ana lake la kujibu: kaunti ndogo nayo inahitaji gavana, bunge la wawakilishi wadi na hospitali, na mama mjamzito wa kisiwani hapelekwi Lamu mjini kwa ambulensi ya magurudumu, anavushwa kwa boti, na mafuta ya boti hayajali sensa ilisema nini. Nimezirudia hesabu hizi mara kadhaa na bado siwezi kusema upande mmoja ulikuwa wa wajinga.

Kwa pendekezo lile, kaunti kama Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Tana River, Kwale na Kilifi zingepoteza fedha. Nyingine, Nairobi ikiwemo, zingeongezewa. Vyama navyo vikapasuka katikati. Maseneta wa Jubilee wakasimama pande mbili, wa upinzani vilevile, na kundi lililopinga kaunti yoyote kupunguziwa likajiita Team Kenya. Ndani yake ungemkuta Mutula Kilonzo Junior wa Makueni, mtu wa chama cha upinzani cha Wiper, bega kwa bega na Johnson Sakaja wa Nairobi, mtu wa Jubilee. Kiranja alikuwepo, lakini fimbo yake haikufika mbali.

Agosti 17 maseneta watatu wa kundi hilo walitiwa mbaroni na polisi: Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu. Malala alikuwa wa chama cha ANC, wale wengine wawili wa Jubilee. Ilikuwa siku ya kikao. Wenzao waliposikia, mjadala wa fomula ukageuka mjadala wa polisi, na Seneti ikaunda kamati ya watu 12 kutafuta suluhu. Nguvu zinapolazimika kutumika dhidi ya maseneta wa chama chako mwenyewe, hiyo ni dalili kwamba nidhamu ya chama imekwisha kushindwa kazi yake.

Hapa ndipo wengi huwavisha waasi mataji, nami nasita. Ukiangalia waliopinga, wengi walitoka kaunti zilizokuwa zinapoteza. Ukiangalia waliounga mkono, wengi walitoka kaunti zilizokuwa zinapata. Hiyo ni kura ya mfuko. Si kosa, kwa kweli ndiyo kazi tuliyowatuma, lakini tusiipambe kwa jina la ujasiri wa kusimama dhidi ya chama. Aliyefanya jambo gumu ni yule ambaye kaunti yake ingefaidika na bado akakataa. Ndiyo maana kwangu Sakaja wa mwaka ule ni kisa cha kufikirisha kuliko wote: alikwenda kinyume na pesa za Nairobi kwa hoja kwamba nchi haijengwi kwa kuwanyang'anya wengine. Mpenda kaunti atasema aliisaliti Nairobi. Mpenda chama atasema aliwavuruga wakubwa wake. Mwenye kuitazama Seneti kama chumba cha taifa zima atasema alifanya kazi yake. Mimi niko karibu na huyu wa tatu, ingawa kama ningekuwa nalipa kodi ya nyumba Mathare nadhani ningekuwa na neno la kumwambia.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi ukiulinganisha mvutano wa fomula na kura ya BBI, mpango wa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Mei 11, 2021, mwaka mmoja kamili tangu ule mkutano wa Ikulu, maseneta waliupigia kura mswada wa kubadilisha Katiba. Hapo kila mmoja alipiga yake: 51 ndiyo, 12 la, mmoja akajizuia. Hakukuwa na jedwali la kaunti ipi inapoteza shilingi ngapi siku inayofuata. Sehemu kubwa ya vyama ikatembea kwa mwendo mmoja, na ODM, ambayo kwa desturi ingekuwa ya kwanza kuuchambua mswada wa serikali, ilikuwa imeshakumbatiana na Ikulu tangu Uhuru na Raila walipopeana mikono, handisheki ya Machi 9, 2018. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ikautupa mchakato mzima, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaufungia mlango. Wale 12 waliokuwa wakiitwa wakaidi walikuwa karibu na sheria kuliko wale 51. Nidhamu ya chama pande zote mbili ilikuwa imara kwa sehemu kubwa siku hiyo, na haikumwokoa yeyote kukosea.

Kuna jambo jingine linaloifanya lugha ya uaminifu isikae sawa kwetu: uaminifu kwa chama kipi? Vyama vya TNA na URP vilivunjwa mwaka 2016 vikazaa Jubilee. Jubilee iliyotawala miaka ya 2017 hadi 2022 ilitoka uchaguzini ikiwa kivuli. Irungu Kang'ata wa Murang'a ndiye aliyekuwa kiranja wa wengi wakati Kindiki anatimuliwa. Mwisho wa mwaka huohuo alimwandikia rais barua akimweleza kwamba BBI haiuziki Mlima Kenya, na Februari 2021 naye akavuliwa ukiranja. Alimwambia mkubwa wake ukweli kwa maandishi, jambo ambalo katika chama chenye afya lingehesabiwa kuwa uaminifu wa hali ya juu.

Angalia na walikoishia. Uchaguzi wa 2022 ulipokwisha, Kang'ata alikuwa gavana wa Murang'a, Kihika wa Nakuru, Sakaja wa Nairobi, wote kwa tiketi ya UDA, chama cha William Ruto. Murkomen akawa waziri. Kindiki naye akaingia baraza la mawaziri, na baada ya Seneti kumng'oa Rigathi Gachagua kwenye unaibu rais mnamo Oktoba 2024, akaapishwa kuwa Naibu Rais Novemba 1. Ungedhani wapiga kura waliwatuza kwa ujasiri wao. Sidhani. Walikuwa upande wa William Ruto, na upande huo ndio ulioshinda. Malala, aliyekamatwa wakati wa mvutano ule wa fomula, aligombea ugavana Kakamega akashindwa. Rekodi ya kura haikumbeba Malala, na haikuwaangusha wengine.

Maseneta wateule ni habari nyingine, na hapo mimi nakubaliana na vyama zaidi ya ninavyopenda. Ameingia kwa orodha ya chama, hakuna aliyempigia kura kwa jina, na kwenye mambo ya kaunti hana kura yake mwenyewe mpaka kiongozi wa ujumbe amkabidhi. Jubilee ilipoanza kuwafukuza wateule watano, Millicent Omanga akiwa mmoja wao, kwa kukosa mkutano wa Ikulu, watu walilia udikteta. Lakini hakuna kaunti iliyowatuma. Tatizo langu ni sababu iliyotolewa. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inataja mambo yanayomfanya mtu ahesabiwe amehama chama, kwa mfano kujiunga na kingine au kukipigia debe. Kukosa mkutano hakumo. Kupiga kura kinyume na kiranja hakumo pia kwa jina.

Turudi kwenye daftari. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti: wanaokubali waseme ndiyo, wanaopinga waseme la, Spika anasikiliza, anatangaza. Hakuna jina linaloandikwa. Majina huandikwa kura inapopigwa kwa kuitwa au kwa mgawanyiko, na ukitaka kuyapata unaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ukurasa baada ya ukurasa. Alama ambazo shirika la Mzalendo huwapa wabunge na maseneta, na ambazo magazeti huzipenda, hutegemea zaidi nani alizungumza mara ngapi. Seneta anaweza kuzungumza siku nzima dhidi ya hoja, kisha akatoka kunywa chai kura ikipigwa, na akaonekana shujaa.

Fomula ile ilipita Septemba 17, 2020, baada ya miezi ya kuahirisha. Rais alikuwa ameahidi kuongeza takribani shilingi bilioni 50 kwa kaunti, kwa hiyo keki ikakuzwa hadi bilioni 370 kuanzia mwaka uliofuata, nusu ya mgao wa zamani wa kila kaunti ikalindwa, na hakuna aliyepoteza. Kaunti zikaitwa, na hakuna iliyopinga. Anayefungua Hansadi ya siku hiyo peke yake atakuta ndiyo mtupu kutoka juu hadi chini, waliovutana miezi yote ile wameandikwa upande mmoja.