Bahari Haimo Kwenye Bei

Nimeishi Dar es Salaam miaka 22, na kwa miaka yote hiyo bahari nimeiona kama wanavyoiona wengi wetu wa mji huu, yaani kwa jicho la pembeni, kupitia dirisha la daladala, huku kiwiko cha abiria mwenzangu kikiwa kimepumzika shingoni mwangu. Ninapanga nyumba Goba, ambako upepo wa bahari hufika ukiwa umechoka na umekwisha kuchanganyika na vumbi la malori ya kokoto. Ndiyo maana mke wangu alipotangaza, kwa sauti ile ya upole ambayo huwa haina rufaa, kwamba mwaka huu familia italala usiku mmoja kwenye hoteli ya ufukweni, nilikubali bila kubisha. Nilidhani suala lenyewe ni la shilingi tu. Sikujua kwamba lina jiografia ndani yake, lina sheria ya mazingira, na lina mwezi wa angani.

Nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa za nyuma, nikaandika juu kabisa: bajeti, shilingi 200,000, watu watano, usiku mmoja, nauli ndani. Kisha nikapiga mstari chini ya maneno hayo kwa rula, kwa sababu nimegundua kwamba bajeti isiyopigwa mstari haiheshimiwi na mtu.

Ubishi wa kwanza ulihusu upande wa kwenda. Kaskazini tunazo Mbezi Beach, Kunduchi na Bahari Beach. Kusini, ng'ambo ya bandari, iko Kigamboni yote na fukwe zake tangu Mjimwema na kuendelea. Mimi nilisimama na Kunduchi, kwa kuwa kutoka Goba nauli yake haimtishi mtu. Mke wangu alinitazama kwa huruma. "Baba watoto," akasema, "huwezi kuniambia tumesafiri wakati nikisahau jiko la gesi ninaweza kurudi kulizima." Kwake yeye safari ni lazima ivuke maji, na Kigamboni inavukika kwa pantoni kutoka Magogoni, shilingi 200 kwa mtu mzima aendaye kwa miguu, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Nilimweleza kwamba pantoni ni mwendo wa dakika chache tu, tena umesimama katikati ya pikipiki na matenga ya kuku. Akasema maji ni maji. Hatimaye Kunduchi ilishinda, lakini kwa sharti kwamba tutaondoka nyumbani na mabegi makubwa, majirani waone.

Usiku ule tulikaa kitandani tukipekua picha za hoteli kwenye simu. Nimejifunza mambo mengi kuhusu mpiga picha wa hoteli. Kwanza, hujikunja kwenye kona ya chumba mgongo ukigusa ukuta, ili chumba chenye upana wa kitanda na nusu kionekane kama ukumbi wa harusi. Pili, bwawa la kuogelea hulipiga picha akiwa amelala kifudifudi, hivyo kitu ambacho kwa macho ya kawaida ni birika la kunyweshea ng'ombe kinaonekana kimeungana na Bahari ya Hindi. Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, kila kitanda kimekaliwa na bata wawili waliofinyangwa kwa taulo, wamegusanisha midomo. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu aliyelipa fedha zake ili alale aanze kwa kuwafukuza bata. Mke wangu alisema wale bata ni mapenzi. Nikauliza, sasa tutajifutia nini?

Kesho yake nikaanza kupiga simu. Nilichofahamu baada ya hoteli tatu ni kwamba kwenye biashara hii hununui chumba, unanunua upande ambao dirisha limeelekea. Hoteli niliyoipenda ilikuwa na vyumba vya aina tatu: kinachotazama bahari kwa 120,000, kinachotazama bustani kwa 80,000, na cha kawaida kwa 65,000. Nilimuuliza dada wa mapokezi hicho cha kawaida kinatazama nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu kubwa, "Kina dirisha, kaka." Nilipomsisitiza akakiri kwamba dirisha hilo limepakana na jenereta.

Basi nikaandika 120,000 kwenye daftari. Dada akaongeza kwamba bei hiyo haijahesabu kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, kwa hiyo nikafuta na kuandika 141,600. Akauliza umri wa watoto, kwa kuwa wa chini ya miaka sita hulala bure. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kusema wote watatu wako chini ya miaka sita, uongo ambao kwa yule wa kati ulikuwa umezidi ukweli kwa miezi mitano tu na kwa mkubwa kwa miaka minne, ndipo yule wa kati akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba ameshatimiza sita na keki alikula. Ilinigharimu 25,000 ya godoro la ziada, na hapo nilishukuru kwamba mkubwa alikuwa shuleni, maana yeye huwa anataja mpaka tarehe. Sasa tukawa tumefika 166,600. Ndani ya laki mbili zangu zilibaki 33,400 za nauli na chakula cha watu watano. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, samaki mzima wa kuchoma ni kiasi gani. Dada akasema 35,000. Nikapiga hesabu: hata tukienda kwa miguu, samaki wetu angekosa mkia.

Ieleweke kwamba kupika nyumbani na kwenda na chakula hakukubaliki. Mahoteli yote yamebandika langoni tangazo la kukataza chakula na vinywaji kutoka nje. Mke wangu alipolisikia hilo hakubishana. Aliangalia tu boya la kuogelea la watoto, akaliminyaminya, na nikafahamu kwamba ndani ya kichwa chake chapati kumi zilikuwa zimekwisha kukunjwa na kupata pa kukaa.

Jumamosi niliamua kwenda kupeleleza mwenyewe, kwa sababu kuna jambo lilikuwa likinisumbua. Tangazo la hoteli lilisema vyumba viko "hatua tano kutoka baharini". Sasa, mimi nina binamu anayefanya kazi za upimaji wa viwanja, na katika misiba ya familia hupenda kutukumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa hiyo nilikuwa na maswali mawili. Ama hoteli hii imejengwa pasipostahili, ama aliyehesabu hizo hatua tano ana miguu ya mita kumi na mbili kila mmoja.

Langoni mlinzi alinitoza kiingilio cha 10,000, ambacho alinieleza kuwa nitakirudisha kwa kukila au kukinywa humo ndani. Nilipita moja kwa moja hadi nyuma ya vyumba na kuanza kuhesabu. Zilikuwa hatua kumi na saba, kisha ukuta wa mawe, kisha maji. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia bustani aliniona nikihesabu kwa sauti, akacheka, akasema nilichelewa. Alipoanza kazi hapo ulikuwepo uwanja wa mpira kati ya ukuta na bahari. Hakuwa akinitania. Pwani ya Kunduchi imekuwa ikimomonyoka kwa miaka mingi, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito na vijito vinavyoshuka huku, kwa kuwa mchanga ule ndio uliokuwa ukiulisha ufukwe. Kwa hiyo hoteli haikuisogelea bahari. Bahari ndiyo iliyoisogelea hoteli, na tangazo lile halikuwa uongo bali lilitangulia wakati wake. Nikakumbuka malori ninayoyapisha kila asubuhi kule Goba, na jinsi mwenye nyumba wangu alivyojisifu kwamba kuta zake zina mchanga safi wa mtoni. Inawezekana kabisa kwamba ufukwe ninaoutafuta kwa 141,600 nimekuwa nikiuegemea kila usiku ukiwa umepigwa lipu.

Nikaketi kuila 10,000 yangu. Nilipata soda moja na chipsi. Kipande cha kwanza nilikila vizuri. Cha pili kilikuwa njiani kuelekea mdomoni kunguru alipotua mezani, si kwa woga wala kwa kunyemelea, bali kama mtu aliyeweka nafasi mapema. Ndege hawa si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka, na tangu hapo wamejipangia kazi nyingine kabisa. Alinitazama kwa jicho moja, akachukua chipsi tatu kwa mpigo, akaondoka. Mhudumu alipofika nilimweleza. Akasema, "Huyo tunamjua, kaka." Bili haikupungua.

Niliporudi nilimkuta jirani yangu amekaa barazani. Ni mzee wa Kilwa, aliyevua samaki maisha yake yote kabla wanawe hawajamleta mjini apumzike, na kupumzika kwenyewe hakumpendezi. Nilimwamkia, nikafungua daftari, nikamsomea mpango wote. Alisikiliza kimya hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "umeuliza bei ya chumba. Umeuliza bei ya samaki. Bahari yenyewe umeuliza itakuwepo saa ngapi?"

Nilikiri kwamba sikuuliza. Nilidhani ipo muda wote, kama ofisi ya serikali ya mtaa. Akaniuliza tunakwenda lini. Nikamwambia tumechagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mshahara unakuwa umetoka, na tena mke wangu amegundua kwenye kalenda kwamba usiku ule mwezi utakuwa mpevu, hivyo tutakaa mchangani tukiangalia mbalamwezi. Mzee akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya eksirei. Akanieleza kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake kwenye pwani yetu huzidi mita tatu. Tena maji ya bamvua huku kwetu hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa tena kwenye saa kumi jioni. "Saa nne," akarudia. "Watoto wameshakunywa chai, wamevaa nguo za kuogelea, wamefika ukutani, wanaona matope, mwani, na akina mama wanachokoa chaza. Maji yako kule mbali kabisa, hata ukiyaita hayasikii." Anayetaka kuogelea asubuhi, akasema, aende siku za nusu mwezi, wakati maji ni mafu, hayo hayajai sana wala hayapwi sana, na asubuhi huyakuta yamejaa.

Nilirudi ndani, nikaichukua kalenda. Ndipo nilipoiona dhuluma yenyewe. Nusu mwezi ya kwanza iliangukia tarehe 18, na tarehe 18 ya mwezi wowote mshahara wangu huwa umebaki kama hadithi. Nusu mwezi ya pili iliangukia tarehe 3, baada ya ada, luku na deni la dukani kuwa vimekwisha kupita humo. Mwezi wa angani na mwezi wa mshahara, ambao kwa lugha yetu tumewapa jina moja kana kwamba ni ndugu, hawajawahi kukaa meza moja. Nilikuwa na fedha siku ambayo bahari haipo, na bahari ipo siku ambazo mimi sina fedha. Mke wangu akashauri tusubiri mwezi wa nne, maana hoteli hushusha bei. Nilimkumbusha kwamba huo ni mwezi wa masika, na kwamba masika tukitaka kuona maji mengi tunafungua mlango tu.

Nilipofika hapo nilifanya kile ambacho mwananchi yeyote mwenye hoja angefanya. Nilimpigia simu dada wa mapokezi, nikampa salamu zote, nikamweleza kwa utaratibu habari za bamvua, nikamwomba punguzo kwenye chumba kinachotazama bahari, kwa zile saa za asubuhi ambazo dirisha litakuwa linatazama matope. Sikuwa mchoyo, nilipendekeza nilipe nusu bahari na nusu bustani, yaani laki moja kamili. Dada akaniomba nisubiri amuulize meneja. Nilisubiri huku muziki ukinipigia sikioni na salio likishuka. Akarudi.

"Kaka, meneja anasema bahari si mali ya hoteli, kwa hiyo hatuwezi kutoa punguzo kwa ajili yake."

Nikashusha pumzi. Nikalifungua daftari kwenye ukurasa wa bei, nikaweka kidole kwenye ile tofauti ya 40,000 kati ya chumba cha bahari na chumba cha bustani, nikamuuliza kwa upole kabisa: kama bahari si mali ya hoteli, hii 40,000 mnampelekea nani?

Dada akasema, "Halo? Halo? Kaka, mbona hausikiki?"